Digrii Tisini na Saba

Nagpur, mwezi wa tano. Lami inang'ang'ania viatu,
machungwa yalikwisha sokoni zamani,
na mimi nina kobe wa kuvusha mto.

Kobe wangu havuki kwa miguu yake.
Mimi humchora, mashine humpaka mwanga:
gamba, maji, kivuli cha gamba juu ya maji;
picha moja dakika kumi na moja,
na sekunde moja ya mwendo wake ni picha ishirini na nne.
Katuni ya watoto. Wanaitaka Jumatatu.

Ijumaa, saa nane mchana, feni ya kompyuta
ilipandisha sauti kama mtu anayebishana peke yake.
Tarakimu kwenye kona ya kioo: themanini na nane,
tisini na mbili,
tisini na saba.
Kisha giza.
Si umeme; pangaboi lilikuwa bado linazunguka,
likitugawia joto lilelile la dari
kama mgeni anayerudia hadithi.
Mashine ilijizima yenyewe. Ilijua kusema basi.
Mimi sijui.

Mavyaa wangu Godavari akaja, ncha ya sari begani,
akaweka kiganja juu ya kisanduku
kama kwenye kipaji cha uso cha mtoto.
"Ina homa," akasema, akalisukuma kutoka dirishani
lile boksi letu la upepo wa maji,
mikeka yake ya mizizi inachuruzika,
inanukia udongo wa mvua ya kwanza.
Mimi ningelala mbele yake. Lakini mashine haina ngozi;
tone moja likitua penye saketi, kwaheri kobe.
Nikampigia kelele. Sijawahi kumpigia kelele.
Akanitazama. Akachomoa waya taratibu,
akaenda zake jikoni; nikasikia vinaoshwa
vyombo vilivyokwisha oshwa.

Nikachukua bisibisi.
Ndani ilikuwemo miaka yetu mitatu:
vumbi limejisokota kama sufi katika mapezi ya kipoozeo,
nyuzi za manjano, nyuzi nyekundu za cherehani yake
(hushonea blauzi za maharusi upande huu huu wa chumba),
na unywele mmoja mweupe, mrefu,
umejizungusha kwenye kitovu cha feni.
Muda wote nilimlaumu aliyeniuzia.
Kumbe sisi ndio tuliivisha mashine sweta.

Aliporudi hakusema neno. Alishika brashi ndogo
ya kusafishia cherehani, mkono hautetemeki.
Yeye akapangusa, mimi nikazuia feni isizunguke.
Ule ute kati ya prosesa na shaba
ulikuwa umekauka kama uji uliogandia sufuriani;
nikaukwangua kwa kadi ya basi, nikafuta kwa spiriti,
nikatia mwingine, punje ya dengu tu.
"Hiyo tu?" akauliza.
Akajijibu: "Chumvi nayo ni hivyo hivyo."

Tukaivuta shubiri mbili kutoka ukutani, ipate pa kupumulia.
Kisha nikafanya jambo nililoliona aibu siku zote:
nikaipunguzia kasi.
Picha moja, dakika kumi na nne.
Zimebaki mia mbili na arobaini. Nikapiga hesabu:
ikianza saa nne usiku huu, isilale,
Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kobe atakuwa ng'ambo,
umeme usipokatika;
na katika mji huu, mwezi huu,
hiyo si hesabu tena, ni dua.

Saa tisa usiku. Digrii sabini na moja.
Feni inanong'ona tu.
Boksi la maji limerudi dirishani, linampulizia Godavari
aliyejinyoosha sakafuni, kitambaa kibichi nyayoni.
Sijamwomba radhi. Amelala,
au anasikiliza kama mimi.
Kiooni kobe ameinua mguu wa kulia.
Atautua alfajiri.